Aliyeacha Nyama Asiikose B12

Wapo kati yetu watu walioacha nyama, samaki, maziwa, mayai na hata asali. Baadhi yao ni Wasabato waliolipokea fundisho la afya la kanisa lao wakalifikisha mwisho. Wengine ni Marasta. Wengine ni vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanaomhurumia mnyama, na wengine walionywa hospitalini juu ya presha na sukari, wakaamua kuachana na vyote kwa mpigo. Siandiki ili kuwarudisha buchani. Mwenye maharage, kunde, choroko, karanga, ufuta na matembele ana chakula, na ile tabia yetu ya kumcheka mtu mezani kwa sababu amekataa mchuzi wa nyama haina adabu. Naandika kwa ajili ya jambo moja ambalo wengi wao hawaambiwi, au wakiambiwa hulipuuza: mlo wa mimea mitupu hauna vitamini B12 ya kutegemewa. Asiyeimeza kwa kidonge, wala kuipata katika chakula kilichoongezewa kiwandani, anajitafutia madhara.

Vitamini hii haitengenezwi na mmea, wala haitengenezwi na mnyama. Hutengenezwa na bakteria. Ng'ombe huipata kwa sababu bakteria walio tumboni mwake humtengenezea, wakitumia madini ya kobalti yaliyomo katika majani anayokula. Wafugaji wa Bonde la Ufa waliyaona haya kwa macho yao. Wakati wa ukoloni, ng'ombe wa sehemu za Nakuru walikuwa wakikonda na kudhoofika hali majani yapo tele, na ugonjwa wenyewe ukapewa jina la Nakuruitis. Baadaye ikabainika kwamba malisho ya huko yalikuwa na upungufu wa kobalti. Basi anayekataa kidonge kwa hoja kwamba si kitu cha asili, na amwulize mfugaji wa leo kuna nini ndani ya lile jiwe la madini analowawekea ng'ombe walambe. B12 ya dukani nayo hutoka kwa bakteria, wanaokuzwa katika matangi ya viwandani. Hakuna mnyama aliyechinjwa kwa ajili yake.

Tena tusiwalaumu walioanzisha mwenendo huu. Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama chao cha wala mimea mitupu Uingereza mwezi Novemba 1944, vitamini hii ilikuwa bado haijajulikana. Wanakemia wa Marekani na wa Uingereza waliitenga mwaka 1948. Katika miaka iliyofuata madaktari wakaanza kukutana na wala mimea wenye dalili za upungufu wake. Chama hakikufunga masikio. Hadi leo chama hicho hicho ndicho kinachowahimiza wafuasi wake wahakikishe wanaipata B12 kutoka katika kidonge au chakula kilichoongezewa. Waliokuja na mwenendo huu wamekwisha kukubali. Iweje sisi tulioupokea juzi tuwe wabishi kuliko wao?

Ubishi wenyewe naujua. Mtu husema, "Huu ni mwaka wa tatu na sijaugua." Ndugu yangu, ini la mtu mzima huweka akiba ya B12 inayoweza kumfikisha miaka kadhaa. Unachokula leo ni akiba ya nyama na maziwa ya zamani. Akiba ikiisha, dalili huja polepole: ganzi vidoleni, nyayo kuwaka moto, ulimi kuuma, usahaulifu, kuyumba unapotembea gizani. Watu husingizia uzee, au uchovu wa kazi, au husema wamerogwa. Mishipa ya fahamu ikishaumia kwa muda mrefu, si kila mara hurudia hali yake hata dawa ikipatikana.

Kuna hila nyingine mbaya zaidi. Upungufu wa B12 huharibu damu na huharibu mishipa ya fahamu. Lakini mla mboga za majani na maharage hupata foleti kwa wingi, na foleti inaweza kuirekebisha damu huku mishipa ikiendelea kuharibika. Mtu anapimwa wingi wa damu, anaambiwa ni salama, anarudi nyumbani akishukuru. Kwa hiyo mla mimea mwenye ganzi miguuni aseme waziwazi kwa daktari, "Mimi sili chochote cha mnyama," na aombe kupimwa B12 yenyewe.

Mama mjamzito na anayenyonyesha ndiye ninayemsihi kuliko wote. Mtoto hana akiba ya miaka. Alichonacho amekipata tumboni mwa mama yake, na kinachobaki ni maziwa. Mama mwenye upungufu hutoa maziwa yenye upungufu, hata kama yeye mwenyewe bado hajahisi lolote. Kisha, katika miezi ambayo watoto wengine wanajifunza kukaa, huyu aliyekuwa akicheka anaacha kucheka. Shingo inalegea, hataki kunyonya, anasahau hata yale aliyokwisha kuyaweza. Hili ni jambo linalozuilika kwa vidonge vichache. Nao wale wanaodhani vidonge vya kuongeza damu vya kliniki vinatosha, wajue kwamba vile vya kawaida ni chuma na asidi ya foliki. Waendelee kuvimeza kama walivyoagizwa, na B12 waitafute kando.

Sasa tuje dukani. Chukua chupa, igeuze. Mbele ni matangazo, habari iko nyuma. Tafuta kwanza kama B12 imeandikwa, maana kuna vidonge vya B kompleksi vyenye B1, B2 na nyinginezo lakini B12 hamna. Kisha tazama kiasi. Mtu mzima anahitaji takribani mikrogramu 2.4 kwa siku, lakini namba ya mikrogramu 1,000 kwenye kidonge isikutishe. Njia ya mwili ya kuifyonza ni nyembamba: kwa mara moja hupitisha kama mikrogramu 2 hivi, na katika zinazobaki hupenya kama asilimia moja tu. Ndiyo maana ushauri wa kile chama cha Uingereza ni angalau mikrogramu 10 kila siku, au 2,000 kwa wiki. Chagua moja ulishike. Sianokobalamini ni ya bei nafuu, haiharibiki upesi, nayo inatosha kwa watu wengi. Mwenye ugonjwa wa figo azungumze na daktari wake kwanza. Spirulina na mwani usiviwekee dhamana: sehemu kubwa ya kinachoonekana humo kama B12 ni kitu kinachofanana nayo ambacho mwili hauwezi kukitumia.

Baada ya hapo soma orodha ya viungo. Ganda la kapsuli mara nyingi ni jelatini, yaani ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe iliyochemshwa. Hapa mla mimea na Mwislamu wanasimama kaunta moja na swali moja, na wote wawili wana haki ya kumwuliza mfamasia bila kuonekana wasumbufu. Ziko kapsuli za hipromelozi, inayotokana na mimea, na viko vidonge visivyo na ganda kabisa. Laktozi ni sukari ya maziwa. Shelaki, ile inayong'arisha kidonge, hutoka kwa wadudu. Lakini neno hili lisichukuliwe kupita mpaka: mgonjwa aliyeandikiwa dawa na daktari asiitupe kwa sababu ya ganda lake. Hata wenye mwenendo huu wanasema ni kuepuka kadiri inavyowezekana.

Virutubisho vingine nitavipita haraka, kwa sababu si vya kila mtu. Vitamini D tunayo juani, isipokuwa kwa anayeshinda ndani au ndugu zetu walio Oslo na Toronto wakati wa baridi. Wajue kwamba D3 nyingi hutokana na mafuta ya sufu ya kondoo, na iliyo halali kwa mla mimea hutoka kwenye kuvu-mwani, au ni D2. Omega-3 ya samaki chanzo chake ni mwani, na mafuta ya mwani wenyewe yanauzwa, ingawa kwa bei ya juu. Iodini ipatikane kwenye chumvi iliyotiwa madini hayo. Chuma usimeze kwa kubahatisha: pima kwanza, kula kunde zako pamoja na ndimu au chungwa, chai isubiri saa moja baada ya chakula, na vidonge vya chuma vikae mbali na watoto, kwani vimewahi kuua.

Watu wetu wanatumia fedha nyingi mahali pasipohitajika. Kuna makopo ya unga wa kijani yanayouzwa semina hadi semina, yakiahidi kusafisha damu, kuondoa sumu, kurudisha ujana. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji anayepata kamisheni si mtu wa kukupangia lishe. Nimeona kopo la namna hiyo likiwa na majani na mizizi ya kila aina, limepambwa picha ya jani mbele, na B12 haimo hata chembe. Mnunuzi wake alikuwa mla mimea, akiamini amejikamilisha.

Ama unga wa mahindi uliorutubishwa viwandani, ukiuona una B12 kwenye mfuko, ni msaada. Lakini anayesagisha mahindi yake mashineni mtaani hana msaada huo, na hata mwenye nao asiutegemee peke yake.

Nina ombi kwa wanaofundisha. Wazee wa makanisa mnaosimamia idara za afya, walimu wa semina za lishe, na ninyi mnaowavuta wenzenu kwenye mwenendo huu kwa video zenu: siku ile ile mnapomwambia mtu aache maziwa na mayai, mwambieni na kidonge. Mwandikieni jina lake na kiasi chake kwenye karatasi aende nayo dukani. Na kwenye makambi yenu ya afya, mahali mnapopima presha na sukari, awepo mtu wa kumwuliza kila mama anayenyonyesha kama anakula chochote cha mnyama, na kama hali, anapata B12 kutoka wapi.