Mkubwa asiyesikia wafanyakazi wake hulisha mshindani: ushahidi wa injini ya boti ya 1959

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Juu ya mkuu asiyesikia la mdogo, hawakutuachia neno. Historia ya injini za boti za matembezi huko Marekani inajaza pengo hilo, na inafaa isomwe na kila mwenye kuongoza karakana, kampuni ao ofisi.

Katika miaka ya 1950, Mmarekani aliyetaka boti ya kutembelea ziwani siku ya mapumziko alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni injini ya kutundika nyuma, ile ambayo wasafiri wa Kivu na Tanganyika wanaijua vizuri. Ni nyepesi, inageuzwa kwa mkono na kuinuliwa. Lakini zile za wakati huo zilikunywa petroli iliyochanganywa na mafuta ya injini, tena kwa wingi. Njia ya pili ni injini kama ya gari, iliyofungwa ndani ya boti. Hiyo ilikuwa na nguvu na haikumaliza petroli haraka, lakini ilikula nafasi ya abiria, na chuma chake cha kuzungusha elisi kilipita chini ya boti. Pahali penye maji mafupi, jiwe moja lilitosha kuharibu safari.

Injinia Charles Strang aliwaza njia ya tatu tangu miaka ya 1940: injini ibaki ndani, lakini isogezwe kabisa nyuma, na nje ufungwe mguu wenye elisi. Nguvu inatoka kwenye injini, inapenya ukuta wa nyuma, inashuka kwa gia, kisha inageuka tena kwa gia hadi kwenye elisi. Mguu ukigeuka, boti inageuka. Ukigonga jiwe, unainuka.

Strang na mwenzake Jim Wynne, waliyejuana kwenye chuo cha MIT, walikuwa wakifanya kazi kwa Carl Kiekhaefer, mwenye injini za Mercury katika jimbo la Wisconsin. Wazo lilifika kwa mkubwa. Mkubwa akalikataa.

Kiekhaefer hakuwa mjinga. Alianza kampuni yake mwaka wa 1939 na kuifikisha mbali. Lakini mkate wake ulitoka kwenye injini za kutundika, na mtu anayekula vizuri kwenye sahani moja hapendi kuletewa nyingine. Huo ndio ugonjwa wa wakubwa wengi: hawaulizi kama wazo ni zuri, wanauliza kama litasumbua biashara yao ya leo.

Mwaka wa 1958 Wynne aliacha kazi. Alitengeneza injini ya majaribio katika gereji huko Florida, akaipeleka kwa Volvo Penta ya Uswidi, iliyoongozwa na Harald Wiklund. Wasuedi walikuwa na injini za gari tayari, na hawakuwa na soko kubwa la boti Marekani la kulinda. Walikubali. Mwezi wa kwanza 1959, kwenye maonyesho ya boti ya New York, waliweka mezani Aquamatic yenye nguvu farasi 80.

Ni kweli kwamba Mercury ilifuata mwaka wa 1961 na injini yake, MerCruiser, na kwa miaka iliyofuata ikawashinda wengi sokoni. Wako watakaosema basi Kiekhaefer hakupoteza kitu. Hesabu hiyo haiko kamili. Wazo lililozaliwa kwa wafanyakazi wake liliingia sokoni na jina la mwingine. Wynne alikwisha kwenda. Strang naye aliondoka baadaye, akaenda kwa mshindani mkubwa, Outboard Marine Corporation, na huko akapanda hadi kuwa kiongozi wake. Mashine inaweza kuigwa kwa miaka miwili. Mtu aliyeondoka hairudishwi na pesa ya matangazo.

Kuna funzo pia kwa wadogo. Aliyepeleka karatasi za kuomba haki ya uvumbuzi ni Wynne, si Strang. Swali la nani hasa mwenye wazo likaleta mabishano ya sheria. Katika inchi ambamo watu wanapigania mashamba kila siku, hilo ni rahisi kuelewa: wazo lisiloandikwa ni kama shamba lisilo na mpaka. Fundi mwenye kubuni kitu aandike, achore, atie tarehe na ashuhudishe, hata kama anamwamini rafiki yake.

Na mkubwa, kabla ya kusema hapana, ajiulize jambo moja tu: kijana huyu akitoka hapa na karatasi yake mkononi, atabisha mlango wa nani?