Maharagi yenye kuparamia: fito kwanza, mbegu nyuma

Katika milima ya Kivu, toka Walungu na Kabare hata Masisi na Lubero, maharagi ndiyo nyama ya nyumba nyingi. Lakini mashamba yamekuwa madogo, na midomo ya kulishwa imekuwa mingi. Shamba haliwezi kuvutwa likawa refu kama kamba. Basi mkulima mwenye akili, akikosa nafasi ya kwenda mbele, huenda juu: apanda maharagi yenye kuparamia.

Maharagi mafupi yatufika magotini, nayo yakomaa katika miezi miwili na nusu au mitatu. Yale yenye kuparamia yapita kimo cha mtu. Yataka karibu mwezi mmoja zaidi, nayo yapenda baridi ya mlimani. Yakitunzwa vema, kipande kilekile cha udongo chaweza kutoa mara mbili, hata mara tatu, kuliko maharagi mafupi. Tena hayaivi yote siku moja: mama huchuma majani ya mboga, kisha maganda mabichi, na mwisho mbegu kavu za kuweka ghalani.

Lakini sharti ni moja: mmea huu hausimami peke yake. Ukikosa mti, walala chini, maganda yagusa tope na kuoza. Huko Rwanda kuna aina moja iitwayo Vuninkingi, jina lenye maana ya kuvunja nguzo. Waliolitoa jina hilo walijua uzito wa maharagi yenye kuzaa. Na katika miaka ya 1980 na 1990, maharagi haya yalipoenea katika nchi hiyo toka kaskazini, kilio cha wakulima hakikuwa mbegu tu, kilikuwa fito.

Basi, tufanye hesabu kabla ya kushika jembe. Tuchukue kipande cha meta 10 kwa meta 10. Mistari iachane sentimeta 50: ni mistari 20. Katika kila mstari tusimike ufito mmoja kila sentimeta 40: ni fito 25. Ishirini mara ishirini na tano ni 500. Penye kila ufito tuache mimea minne, si zaidi. Wanafunzi watasema hesabu hii ni nyepesi. Ndiyo, lakini kukata fito 500 na kuzibeba kichwani si kazi nyepesi. Kwa sababu hiyo wengi husimika 100 au 150 tu, nao hurundika mimea minane au kumi juu ya ufito mmoja. Mimea hiyo yanyang'anyana mwanga, majani hayakauki upesi baada ya mvua, ugonjwa waingia, na ufito waanguka kwa kulemewa.

Sasa tuulize: ni nani azitafutaye fito hizo? Katika nyumba nyingi za milima yetu, maharagi ni kazi ya mama, na miti ni mali ya baba. Mikaratusi iliyo nyuma ya nyumba hukatwa na kuuzwa kwa mbao au kwa makala, wala hakuna aliyeweka matawi kando. Kisha mvua yafika. Mama aondoka alfajiri, panga mkononi na mtoto mgongoni, kwenda kuomba fito kwa majirani, au kukata kwa hofu katika msitu uliokatazwa, kama ule wa Kahuzi-Biega, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Akikamatwa, ni fedha na aibu. Akirudi mikono mitupu, maharagi yatatambaa chini. Na chungu kikiwa kitupu jioni, je, ni kitupu kwa mama peke yake?

Wazee walisema: kidole kimoja hakivunji chawa. Baba akitaka kuuza mti, na amwulize kwanza mkewe maharagi yataka fito ngapi. Matawi manyofu yatengwe kabla mnunuzi hajafika. Asidhani kwamba amempa mkewe zawadi. Ameweka akiba ya chakula chake mwenyewe na cha watoto wake.

Hata hivyo, dawa ya kudumu ni kuotesha fito nyumbani. Kando ya mifereji inayozuia udongo usichukuliwe na mvua, na katika mipaka ya shamba, tupande kaliandra au grevilea. Kaliandra ni wa jamii moja na maharagi. Ukikatwa wachipuka tena, mbuzi hula majani yake, na mizizi yake hushika udongo. Matete pia hufaa, lakini ni dhaifu, na mara nyingi hayapiti msimu mmoja.

Ufito mwema ni wa namna gani? Uwe na urefu wa meta 2 na nusu, na unene wa kidole gumba au kupita kidogo. Usiuchague mnene na laini. Maharagi hayana mikono ya kushikia kama boga. Hujizungusha kwa shina lao lote, na juu ya mti mnene huteleza. Magome yenye kukwaruza ni mazuri. Fito zikatwe wakati wa kiangazi, toka Juni hata Agosti, zikauke kabla ya kupanda kwa Septemba. Ufito mbichi waweza kutoa mizizi na kuiba chakula cha maharagi. Ncha ya chini ichongwe. Tusiupige ufito kwa nyundo, maana kichwa chapasuka. Tutoboe kwanza shimo kwa chuma, tuushushe sentimeta 40, kisha tushindilie udongo kwa kisigino.

Penye upepo mwingi, kama juu ya mgongo wa mlima, tufunge vichwa vya fito tatu pamoja, ziwe kama mafiga yaliyosimama: moja yashikilia nyingine. Penye upungufu wa fito, tufanye kiunzi. Katika mstari wa meta 10 tusimike nguzo 5 zenye nguvu, na juu yake tulaze miti. Toka miti hiyo tuteremshe kamba za katani, moja kila sentimeta 20, kila moja ikifungwa chini kwenye kigingi au kamba iliyonyoshwa. Kamba za mgomba zafaa pia, zikisokotwa nene. Nguzo za mwisho zipewe mti wa mshazari wa kuziegemeza, kwani mstari wenye majani mengi hushika upepo kama tanga la mtumbwi.

Kiunzi kitazame wapi? Vitabu vya bustani vya Ulaya huagiza kuweka mimea mirefu upande wa kaskazini, isiitie mingine kivuli. Shauri hilo ni la kwao. Kwetu, karibu na ikweta, jua la adhuhuri hupita karibu na utosi, mara upande wa kaskazini, mara upande wa kusini. Kwetu mwenye amri ni mteremko. Mistari ikate mlima kwa upana, isishuke nao, la sivyo mvua itageuza kila mstari kuwa kijito. Tena tuepuke kivuli cha migomba.

Na wakati? Fito zisimikwe kabla ya kupanda, au mara mbegu zichipukapo. Anayengoja hata mimea imeanza kushikana hukata mizizi kwa chuma chake. Mche ukipotea njia, tuuongoze kwa mkono taratibu, kinyume cha mshale wa saa ukitazamwa toka juu. Hiyo ndiyo njia yake. Ukiupeleka upande mwingine, utajifungua.

Mavuno yakiisha, fito zing'olewe, zisafishwe mabaki ya mimea, na kusimamishwa chini ya paa. Ufito wa mkaratusi uliotunzwa hivyo hutumika misimu kadhaa. Ziachwe shambani, nazo zitakuwa kuni za mpita njia.

Basi, jioni hii, baba na mama wakae pamoja na mtoto ajuaye kuandika. Wapime shamba, wahesabu fito zilizopo, na zile zinazokosekana. Hesabu hiyo ikijulikana, ndipo mbegu itolewe ghalani.