Kasino inakurekodi, wewe ukipiga picha unatimuliwa

Wadau, hili suala la picha kasino mi nalitazama hivi. Ukiingia tu, kamera za darini zinakufuata mlangoni mpaka mezani. Ila wewe ukitoa simu, mlinzi huyo: "Bosi, futa hiyo."

Tuwe wakweli, katazo lina sababu. Jirani yako hataki mkewe amwone mtandaoni. Pia simu mezani ni njia ya kuiba mchezo. Jimbo la Nevada, Marekani, tangu 1985 ni kosa la jinai kutumia kifaa kufuatilia karata zilizotoka. Kwa hiyo omba ruhusa kwanza, usipige mchezo ukiendelea, sura za watu ziache.

Kasheshe ni pale mnapobishana malipo. Ushahidi wote anao mwenye ukumbi, na vijana wengi huondoka kimya. Lakini sheria za taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinakupa haki ya kuomba taarifa zako, na picha yako kwenye kamera ni taarifa yako. Andika barua fasta, taja siku, saa na meza, kabla haijafutwa.

Mi nasema katazo tuliheshimu, ila ushahidi usiwe wa upande mmoja. Nyie mwaonaje?