Shilingi Ikianguka, Ni Nani Aliyeisukuma?

Wananchi wa Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora wameambiwa miaka nenda miaka rudi kwamba bei ya dola ni kama mvua: hupanda na kushuka, na mwanadamu hana la kufanya. Sisi tunaukataa uongo huo. Bei ya dola ina wenyewe, na maamuzi yao hulipiwa na kijana wa mtaani anayetaka kununua gari kuukuu ajiajiri kwa teksi.

Tuhesabu pamoja. Gari dogo liuzwalo Japani kwa dola 5,000 lilihitaji shilingi 565,000 mwanzoni mwa 2022, dola moja ilipokuwa karibu shilingi 113. Januari 2024, dola ilipokaribia 160, gari lile lile lilihitaji shilingi 800,000. Bei iliongezeka kwa shilingi 235,000, wala gari halikuongezewa hata nati moja. Katikati ya masaibu hayo, Julai 2023, serikali ikapandisha ushuru wa forodha wa magari kutoka asilimia 25 hadi 35. Juu ya ushuru huo hutozwa ushuru wa bidhaa, na juu ya yote mawili kodi ya ongezeko la thamani. Aliyeanguka akaongezewa mzigo.

Wala hawezi kukimbilia gari la zamani zaidi, kwa maana kanuni hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8. Mwaka 2023 dola zenyewe ziliadimika hata katika mabenki. Mwenye matatu naye, akishindwa kununua nyingine, huikarabati iliyochakaa kwa vipuri vya Kirinyaga Road, ambavyo pia vimenunuliwa kwa dola. Gharama hiyo humfikia mama anayeelekea Gikomba alfajiri, ambaye hajawahi kuishika dola mkononi.

Basi ni nani aliyeisukuma shilingi? Tukumbuke 1993. Mwishoni mwa 1992, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, dola moja ilikuwa takriban shilingi 36. Mwishoni mwa 1993 ilikuwa takriban 68. Katika miaka hiyo hazina ililipa fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa ng'ambo, katika nchi isiyochimba almasi. Hiyo ndiyo Goldenberg, iliyochunguzwa na Tume ya Jaji Bosire kuanzia 2003.

Safari hii jina ni deni. Hatifungani ya dola bilioni 2 iliyokopwa 2014 ilitakiwa kulipwa Juni 2024, na hofu ya siku hiyo ikaielemea shilingi. Februari 2024 serikali ikakopa tena dola bilioni 1.5, kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, ili kulipa sehemu kubwa ya deni hilo. Katika wiki chache dola ikashuka hadi karibu shilingi 130. Je, mvua hutii sahihi ya waziri?

Watatujibu kwamba riba za Marekani zilipanda na kuzitikisa sarafu nyingi duniani. Ni kweli. Lakini hata ikiwa hiyo ni mvua, ni nani aliyetoboa paa letu?

Nabii Amosi aliwakemea waliopunguza kipimo cha nafaka na kuongeza uzito wa fedha ya kulipia. Kuidhoofisha shilingi ya maskini ni dhambi ya ukoo huo huo.

Kifungu 201 cha Katiba ya 2010 kinadai uwazi na uwajibikaji katika fedha za umma. Kifungu 119 kinampa kila mtu haki ya kulipelekea Bunge ombi. Kila parokia, kila jumuiya ndogo ndogo na kila kamati ya mtaa na iandike ombi moja: masharti ya kila mkopo wa kigeni yatangazwe kabla haujatiwa sahihi. Anayelipa deni ana haki ya kulisoma.