TAHARIRI: Kompyuta nayo ina mlango, tuufunge

Kila sifa njema inamstahikia Allah (s.w.), Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyofichikana. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba zake na wote waliofuata mwenendo wao.

Ndugu Waislamu, mwezi huu tumeona ni wajibu tuzungumzie jambo ambalo huenda wengine watauliza limefikaje katika ukurasa huu. Nalo ni suala la kompyuta zetu, na yale ambayo mfumo unaoziendesha unayakusanya kutoka kwetu na kuyapeleka mbali bila sisi kushughulika kujua. Waumini wengi wanadhani hayo ni mambo ya mafundi wa mijini. Sivyo hivyo. Ni jambo la kila aliye na siri ya nyumba yake, na hakuna asiye nayo.

Tutazame hali ilivyo hapa kwetu Mwakitolyo. Mtu ambaye hajawahi kushika kipanya maishani mwake, siri zake zimo ndani ya kompyuta. Mchimbaji anapeleka kitambulisho chake cha NIDA kwenye steshenari kikatolewe nakala. Wenye duara wanaandikishana mkataba wa mgao, nao unachapwa na kuhifadhiwa humo. Mwenye karasha anaweka hesabu za mifuko ya mawe, na mwenye mwalo anaandika nani ameosha kiasi gani na amepata nini. Mama anapigiwa chapa barua ya madai ya mirathi. Madrasa nayo ina majina ya watoto na namba za simu za wazazi, na kamati ya msikiti ina orodha ya mayatima na ya wanaopokea Zaka. Mashine moja juu ya meza ya mbao imebeba siri za kijiji kizima. Je, mlango wake umefungwa?

Uislamu umetangulia kutufundisha adabu ya milango. Katika Suratun-Nur (24:27) waumini wamekatazwa kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Katika Suratul-Hujurat (49:12) tumekatazwa tajassus, yaani kuchunguzana na kufuatilia mambo ya watu ya ndani. Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Sahl bin Sa'd (r.a.), mtu mmoja alichungulia kupitia tundu la chumba cha Mtume (s.a.w.), naye Mtume akamkemea vikali na kumfahamisha kwamba sharti la kuomba ruhusa limewekwa kwa ajili ya jicho. Tuizingatie hekima hiyo. Yule mtu hakuiba kitu wala hakuvuka kizingiti. Alitazama tu, na kutazama kwenyewe kukahesabiwa kuwa ni uvamizi. Basi anayesema kwamba kampuni fulani "inakusanya taarifa tu" na wala haichukui mali ya mtu, hajaifahamu Hadithi hii.

Mfumo endeshi ndio programu mama inayoiongoza kompyuta. Mashine nyingi hapa nchini zinatumia Windows ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Windows 10 ilipotolewa mwezi Julai 2015, ilikuja na utaratibu wa kupeleka kwenye kompyuta za kampuni habari za mashine na matumizi yake: ni ya aina gani, programu zipi zinafunguliwa, imekwama wapi. Pamoja na hayo kila mtumiaji alipewa namba maalumu ya matangazo, ili programu zimtambue na kumwekea biashara zinazomlenga. Na mtu anapoiandaa mashine mpya, huulizwa maswali kadhaa kuhusu mahali alipo, uandishi wake na matangazo. Kwa kawaida majibu huwa yameshatiwa alama ya kukubali. Mwenye haraka hubonyeza "endelea, endelea", na hapo huhesabiwa kuwa ametoa ruhusa.

Je, ruhusa ya namna hiyo ni ruhusa? Mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Ufaransa haikuridhika. Mwezi Julai 2016 iliitaka Microsoft kwa maandishi, na hadharani, irekebishe mambo, kwa hoja kwamba taarifa zilizokusanywa zilizidi mahitaji na kwamba ile namba ya matangazo iliwashwa bila ridhaa ya mtumiaji. Kampuni ilirekebisha, na mwezi Juni 2017 shauri hilo likafungwa baada ya mamlaka hiyo kuridhika kwamba taarifa za ngazi ya msingi zimepunguzwa takriban nusu. Tena mwaka 2024 Microsoft ilitangaza chombo kiitwacho Recall, kinachopiga picha ya kioo cha kompyuta kila baada ya sekunde chache na kuihifadhi ndani ya mashine. Watu walipinga, kampuni ikakiahirisha, na kilipotoka mwaka 2025 kwa kompyuta za aina maalumu, kilikuwa hakifanyi kazi mpaka mwenyewe akiwashe. Funzo tunalolipata ni kwamba anayeuliza hujibiwa. Asiyeuliza huamuliwa.

Hapa ndipo linapokuja lile neno ambalo tunalisikia mara kwa mara: "Mimi sina cha kuficha." Ndugu zetu, kauli hii inachanganya sitara na maovu. Mtu hufunga mlango anapooga wala hafanyi dhambi. Mke na mume huzungumza kwa sauti ya chini wala hawapangi uhalifu. Na hapa kwetu machimboni, aliyeuza dhahabu yake ya halali hatembei akitangaza kiasi alichopata, kwani anajua njia ya kurudi nyumbani usiku ina watu wa kila aina. Huyo hana la aibu, ila analo la kulinda.

Na asiyedhani kwamba hata ibada inaweza kugeuzwa bidhaa, na azingatie kisa cha programu ya simu iitwayo Muslim Pro, inayoonesha nyakati za Swala na mwelekeo wa Qibla. Mwezi Novemba 2020 gazeti la mtandaoni la Motherboard lilifichua kwamba habari za mahali walipo watumiaji wake zilikuwa zikipelekwa kwa kampuni ya Marekani iitwayo X-Mode, iliyokuwa ikiuza habari za aina hiyo kwa wakandarasi na, kupitia kwao, kwa jeshi la Marekani. Wakati huo wenye programu hiyo walikuwa wakihesabu zaidi ya mara milioni 98 za kupakuliwa kwake duniani. Baada ya kufichuliwa, walitangaza kukata uhusiano na X-Mode. Mwezi Januari 2024 tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani nayo ilichukua hatua ya kuizuia kampuni hiyo, ambayo ilikuwa imebadili jina, isiuze habari za sehemu nyeti, zikiwemo nyumba za ibada. Muumini alitaka kujua Qibla tu, kumbe kila alipoelekea palikuwa panaandikwa.

Basi tufanye nini? Hatusemi kompyuta zitupwe. Kompyuta ni neema, na neema hutumiwa kwa shukurani na tahadhari. Tunapendekeza mambo yafuatayo, na kijana yeyote wa madrasa aliyezoea kompyuta anaweza kuyatekeleza kwa muda mfupi baada ya Swala ya Alasiri.

Kwanza, fungua mipangilio ya mashine. Shikilia kitufe chenye nembo ya Windows, kisha bonyeza herufi I. Katika Windows 10 tafuta sehemu yenye alama ya kufuli, na katika Windows 11 yenye alama ya ngao. Hapo ndipo penye mambo ya faragha.

Pili, zima ile namba ya matangazo. Kuizima hakumpunguzii mtumiaji kazi yoyote ya maana.

Tatu, katika taarifa za hali ya mashine, chagua ngazi ya chini, ile ya lazima tu. Katika matoleo ya kawaida ya majumbani kiwango hicho hakiwezi kuzimwa kabisa, lakini ile ziada ya hiari inaweza kuondolewa. Hapo hapo pana kitufe cha kuomba taarifa zilizokwisha kukusanywa zifutwe. Tahadhari: usizime masasisho ya usalama kwa kudhani kuwa nayo ni ujasusi. Hayo ndiyo yanayoziba nyufa ambazo wezi hupitia. Na ijulikane kwamba utoaji wa kawaida wa masasisho ya bure ya Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Nne, pitia orodha ya programu zinazoruhusiwa kutumia kamera, maikrofoni na mahali ulipo. Jiulize kwa kila moja: hii ina haja gani? Isiyo na haja, izime. Kwa kuwa baadhi ya programu haziongozwi na swichi hizo moja moja, kipande cha karatasi juu ya kamera kinafaa pia.

Tano, angalia kama mafaili yako yanakwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni iitwayo OneDrive. Anayeingia kwa akaunti ya Microsoft anaweza kukuta folda zake zinanakiliwa huko, hadi GB 5 za bure, na bando lake likiliwa kimya kimya. Kwa mwenye kutaka nakala ya akiba hilo ni jema. Kwa asiyejua, ni siri za watu zimesafiri bila idhini yao.

Sita, mashine inayotumiwa na watu wengi iwe na akaunti tofauti, kila mtu na nenosiri lake. Na unapoiuza kwa sababu unahama kufuata rashi mpya, usitosheke na kufuta mafaili kwa mkono. Tumia njia ya kurejesha mashine upya, ukichagua kuondoa kila kitu na kusafisha diski, ili mnunuzi asirithi hesabu za duara lako.

Saba, jihadharini na Windows za wizi na vile viprogramu vya kuvunjia kufuli vinavyozungushwa kwa flashi. Licha ya kuwa ni kuchukua haki ya mtu, mara nyingi vimebeba ndani yake programu za kuiba manenosiri. Asiye na uwezo wa kununua, ipo mifumo huru ya halali na ya bure kama Ubuntu, inayotolewa tangu mwaka 2004.

Baada ya hayo yote tunataka tuwe wakweli. Mtu anaweza kuzima swichi zote za kampuni ya mbali, na bado akavuliwa nguo na jirani. Kitambulisho kilichotolewa nakala asubuhi bado kimo ndani ya folda jioni, na kila mteja anayechomeka flashi anakiona. Hapa hakuna Microsoft wala Marekani. Hapa pana sisi kwa sisi. Wenye steshenari tunawaomba, kwa jina la udugu, wafute nakala za wateja kila siku kabla ya kufunga duka. Nanyi wateja, msione haya kusimama hapo mpaka faili lenu lifutwe mbele ya macho yenu.

Na wa kwanza kuulizwa ni sisi tunaosimamia misikiti na madrasa. Orodha ya wapokeaji wa Zaka ni amana nzito. Mjane aliyejisitiri miaka kumi asije akasoma jina lake katika kundi la simu kwa sababu faili liliachwa wazi. Sheria ya nchi nayo imelisema hili. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali na linalojulikana, na inazihesabu taarifa za watoto na za imani ya mtu kuwa ni nyeti. Tume yake ilizinduliwa rasmi mwezi Aprili 2024, na aliyedhulumiwa anaweza kupeleka malalamiko huko. Itakuwa aibu iliyoje ikiwa sheria ya watu itatukuta tumeacha wazi kile ambacho Kitabu cha Allah kilituamrisha kukifunga zaidi ya karne kumi na nne zilizopita!

Kwa hiyo tunatoa wito kwa kila kamati ya msikiti ndani ya mwezi huu: mteueni kijana mmoja mwaminifu, kaguweni kompyuta ya taasisi kwa mambo saba tuliyoyataja, wekeni nenosiri katika orodha za mayatima na wahitaji, na mfute yale ambayo hayana kazi tena. Kisha kijana huyo awasaidie wazee na kina mama majumbani mwao, bila malipo na bila kufungua lisilomhusu.

Tunamuomba Allah (s.w.) azisitiri aibu zetu, azilinde nyumba zetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaochunga amana na ahadi zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.