Ribe Nako Tumo

Wako ndugu zetu ambao wakisikia Ribe ikitajwa hugeuza uso, kana kwamba yaliyopita kule ni ya Wakristo peke yao na sisi Waislamu wa pwani hatumo. Mimi nasema tumo, tena sana, na pengine tumo kwa namna isiyotupendeza.

Wamishonari wa Kimethodisti waliteremka Mombasa mwaka 1862, wakiongozwa na Krapf, yule mtu wa kamusi. Huyu si mgeni kwetu: mwaka 1844 alikuwa akifasiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Maradhi yakamrudisha Krapf kwao, akabaki Thomas Wakefield, na mwaka 1863 akaja Charles New. Wakapiga kambi Ribe, karibu na kaya ya Waribe, nia yao hasa ikiwa kuwafikia Waoromo wa kaskazini, ambao siku zile wakiitwa Wagala.

Sasa tazama. Mwaka 1870 Wakefield alichapisha Uingereza maelezo ya njia za misafara kutoka pwani hadi bara, na mabwana wa huko wakayapokea kwa shauku. Nani aliyemweleza? Sadi bin Ahedi, mtu wa upande wa Gasi, aliyezijua njia hizo kwa miguu yake. Wakefield alikuwa na kalamu, Sadi alikuwa na elimu. Leo wangapi kati yetu wanalijua jina lake?

Hayo ni matamu. Machungu ni ya watoro. Ribe, Rabai na Jomvu walikimbilia watumwa kwa mamia, na mashamba waliyoyakimbia yalikuwa ya wazee wetu. Januari 1889 Kampuni ya Waingereza iliwalipa mabwana fidia, na watu zaidi ya 1,400 katika misheni hizo wakapewa hati za uhuru. Nimesikia barazani watu wakisema misheni iliiba mali za watu. Mali! Sote tumeisoma Suratul Balad chuoni tungali wadogo, na tunajua kumwacha mtumwa huru kumewekwa wapi. Wazee wengine walifanya hivyo kwa hiari, Mungu awalipe. Wengine walingoja fedha ya Kampuni.

Sisemi wamishonari walikuwa malaika. Walikuja kubadili dini za watu, na nyuma yao ikaja bendera. Lakini wajukuu wa watoro wale ni jirani zetu. Tunauziana nazi na kuzikana. Wao wana madaftari ya kanisa lao, sisi tuna vikongwe ambao kila mwaka wanapungua.

Basi aliyeko Gasi, au mwenye asili ya huko, akiujua ukoo wa Sadi bin Ahedi na atuandikie kwa anwani ya gazeti hili. Barua yake tutaichapa.