Rutshuru: Vidonge vihesabiwe kabla ya mbuzi wa Noeli kununuliwa

Siku kuu za mwisho wa mwaka zinapokaribia, mazungumzo katika soko la Kiwanja na Rutshuru mjini huwa ni yale yale: bei ya mbuzi, bei ya mchele, nguo za watoto. Swali moja haliulizwi sana. Je, baba mwenye presha na mama mwenye ugonjwa wa sukari wana dawa za kuwafikisha hadi katikati ya Januari?

Kila Desemba wagonjwa hao hupewa mashauri: punguza chumvi, acha pombe, usile mafuta mengi. Mashauri hayo ni ya kweli, lakini yanamtwika mgonjwa mzigo wote peke yake. Katika wilaya ya Rutshuru, mgonjwa hadhuriwi na sahani tu. Anadhuriwa pia na dawa iliyoisha tarehe 23, kituo cha afya chenye muuguzi mmoja wa zamu, na pesa ya nyumba iliyokwisha kununua vya siku kuu.

Hali ya vita imeongeza uzito. M23 iliingia Rutshuru mjini na Kiwanja mwishoni mwa Oktoba 2022, kisha ikauteka mji wa Goma Januari 2025. Benki za Goma zilifungwa, mishahara ikawa ya kutafutwa kwa njia za mzunguko. Hospitali kuu ya Rutshuru, ambayo kwa miaka mingi inasaidiwa na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), imezoea kupokea majeruhi wa risasi, akina mama wa kujifungua na watoto wenye utapiamlo. Mwenye presha hatoki damu. Ni rahisi kumsahau, hata yeye mwenyewe hujisahau.

Hapo ndipo hatari ilipo. Dawa ya presha haiponyi ugonjwa, inaushikilia tu. Siku mgonjwa anapojisikia mzima, mara nyingi ni kwa sababu dawa inafanya kazi yake. Akiiacha wiki mbili ili pesa itoshe mchele, presha hupanda kimya kimya mpaka siku uso unapopinda, mkono unapolegea na ulimi unapokuwa mzito.

Wengine husema siku moja ya kula vizuri haimuui mtu. Wana haki kwa kiasi fulani, maana hakuna anayepaswa kukaa pembeni akiangalia wenzake wakisherehekea. Lakini siku kuu si siku moja. Kati ya Noeli na Bonane kuna ubatizo, mahari, harusi na wageni, na kila nyumba inataka mgeni aonje. Makayabu yana chumvi nyingi, mchuzi umeongezwa Maggi, kuna soda kwa asiyekunywa na kasiksi kwa anayekunywa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Meza ya Noeli inaweza kupita kiasi hicho kabla ya jua kuzama.

Hata nchi tajiri hazikuepuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la kitabibu la BMJ uliangalia mishtuko ya moyo zaidi ya 280,000 iliyotokea Uswidi katika miaka 16. Tarehe 24 Desemba hatari ilipanda kwa asilimia 37, zaidi karibu na saa nne usiku, na walioguswa sana ni wazee wa zaidi ya miaka 75 na wenye ugonjwa wa sukari au wa moyo. Huko ambulansi huja ikiitwa. Kwa mzee wa Rugari au Kalengera, saa nne usiku ni saa ya kutafuta motari atakayekubali kutoka.

Makanisa nayo yana sehemu yao. Wapo waamini wanaofunga mwaka kwa maombi na kufunga kula siku kadhaa. Mwenye kujidunga insulini asifunge bila kuuliza muuguzi, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Mchungaji au padri akitangaza hivyo, atasikika kuliko daktari. Na amwambie pia muumini kwamba kumeza kidonge si kukosa imani.

Kuhusu insulini, wengi hudhani asiye na frigo hawezi kuitunza nyumbani. Utafiti wa MSF na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotolewa mwaka 2021 kutokana na hali ya joto katika kambi ya Dagahaley nchini Kenya, ulionyesha kwamba insulini ilibaki na nguvu wiki nne katika joto la nyuzi 25 hadi 37. Kwa hiyo chupa inayotumika inaweza kukaa mahali penye kivuli, mbali na moto wa jikoni. Jambo la kuogopwa zaidi ni kukosa chupa yenyewe.

Basi kazi igawanywe. Vituo vya afya viwape wagonjwa wasiotetereka dawa za miezi miwili ifikapo katikati ya Desemba, kama inavyofanyika kwa wenye kutumia dawa za kupunguza makali ya ukimwi. Anayetoka Goma kusalimia wazazi, kabla ya kupakia kreti ya Primus, apige simu aulize: vidonge vimebaki vingapi? Achukue jina la dawa kama lilivyoandikwa kwenye karatasi ya daktari, na anunue katika famasia inayotambulika. Mpishi atoe sehemu ya mgonjwa kabla ya kuongeza chumvi, na hiyo isifanywe kama adhabu.

Mbuzi anaweza kupatikana hata Bonane. Mzazi aliyepooza usiku wa Noeli hulazimisha nyumba nzima kubadili maisha, na mara nyingi kilichokosekana ni pakiti moja ya vidonge.